Bwana mifugo wetu tumemzika juzi Mwakaleli. Mtumishi wa namna hii tumuenzi vipi?

#1 Mwana wa Kandete
Wakuu, habari za jioni.

Juzi tumemzika bwana mifugo aliyetuhudumia huku Mwakaleli, mkoani Mbeya, tangu mimi nikiwa mtoto wa kutumwa majani ya ng'ombe hadi leo nina banda langu. Jina silitaji, familia bado iko msibani. Wa huku mtamjua kabla hamjamaliza kusoma.

Hakuwa na digrii. Alikuwa na cheti chake, gambuti alizovaa mwaka mzima maana mvua ya huku mnaijua, na mtungi wa naitrojeni wenye mirija ya mbegu za madume za kupandishia ng'ombe mgongoni. Ukimpelekea habari kwamba ng'ombe ameonyesha joto, yaani anataka dume, asubuhi, jioni yuko bandani. Ukimwambia jioni, kesho yake anafika hujamaliza kukamua. Hakuuliza wewe ni wa chama gani. Bibi mjane mwenye mtamba mmoja na tajiri mwenye ng'ombe kumi walikaa foleni moja.

Kabla yake tulifuga ng'ombe wa kienyeji, lita moja kwa siku, mbili ukibahatika. Leo nyumba nyingi huku zina chotara wa lita nane, kumi na kuendelea. Mabati, ada za sekondari, hata simu ninayoandikia hapa, yote ni maziwa.

Watu walijaa msibani ajabu. Lakini ulipofika wakati wa kusoma wasifu, mambo yakaisha mara moja. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akastaafu, basi. Jambo hili linaniuma hadi sasa. Barabara, shule na viwanja vyetu vina majina ya wanasiasa, na mtu aliyeamka usiku kwa ajili ya ng'ombe wa tarafa nzima hana hata kichochoro. Naomba tujadili. Tumuenzi vipi? Na ni kitu gani kilimfanya awe vile, maana wenzake wa mshahara uleule tuliwaona?

#2 Lwangwa Juu
Ndaga, poleni sana. Nilipofika kwenye mtungi wa naitrojeni nikajua ni yeye.

Ng'ombe wangu alikwama kuzaa, ndama katanguliza miguu ya nyuma. Mimi na majirani tulikuwa tunavuta kama watu wanaong'oa kisiki. Mzee alipofika kwanza alitutoa wote bandani. Akaomba maji ya vuguvugu, sabuni na kamba safi, akafunga miguu ya ndama juu ya kifundo, akakaa kimya anasubiri. Ng'ombe akisukuma, anavuta. Ng'ombe akipumzika, na yeye anapumzika. Ndama akatoka mzima. Tangu siku ile nimewazalisha wa majirani zangu kwa namna ileile, na kila mara namkumbuka.

#3 Kikondo Mbata
Pole mleta uzi. Ila usiwaonee wanasiasa wote. Viwanja vya Nane Nane hapa Mbeya vinaitwa John Mwakangale. Huyo ni mwana TANU aliyempokea Mandela Mbeya mwaka 1962, Mandela akiwa ametoka Afrika Kusini kwa siri. Mtu huyo kupewa uwanja ni haki yake.

#4 Fundi Bomba
#3 uko sahihi, lakini angalia picha nzima. Uwanja wa mpira Mbeya ni Sokoine, wa Iringa ni Samora. Mmoja waziri mkuu, mwingine rais wa Msumbiji. Nani kati yao aliwahi kushika chuchu ya ng'ombe?

#5 Kalenga
Fundi Bomba, rudi kwenye mabomba yako. Sokoine alikuwa Mmasai wa Monduli, ng'ombe aliwajua kabla wewe hujajua kufunga koki.

#6 Fundi Bomba
Hahaha, hilo nimelikubali. La Samora bado linasimama.

#7 Mzee wa Isimani
Kamwene. Mnasema watumishi hawapewi majina, mbona Iringa tuna Chuo cha Ualimu Kleruu? Dk. Wilbert Klerruu alikuwa mkuu wetu wa mkoa, mteule wa serikali, hakugombea kura kwa mtu. Aliuawa Isimani mwaka 1972 akiwa kazini. Kama kujitoa ni kufia kazi, huyu ndiye wa kwanza.

#8 Kalenga
Mzee wangu, shikamoo. Tarehe ni 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi. Kesi ndiyo ilisikilizwa 1972. Aliyempiga risasi, mkulima Said Mwamwindi, aliupakia mwili kwenye gari akajipeleka mwenyewe polisi Iringa mjini. Akahukumiwa kunyongwa.

Na zama zile mkuu wa mkoa alikuwa pia katibu wa TANU wa mkoa, kwa hiyo kumtoa kwenye kundi la wanasiasa ni kusema nusu ya habari.

#9 Mzee wa Isimani
Marahaba mwanangu, asante kwa tarehe. Lakini umenisaidia hoja. Siku ya Krismasi, wakubwa wote wako mezani na familia zao, yeye yuko mashambani Isimani anafuatilia ujamaa vijijini. Nani leo anafanya hivyo?

#10 Mjukuu wa Mkulima
Shikamoo mzee. Nakuheshimu, ila mimi ni wa hukohuko Isimani na kwetu habari hiyo inasimuliwa kwa sauti nyingine. Babu alikuwa na shamba lake la mahindi alilofyeka kwa mkono wake, kisha akaambiwa sasa ni la kijiji. Bidii ya mtu anayekuja kuchukua haiwezi kuwekwa kapu moja na bidii ya mtu anayekuja na mtungi mgongoni. Bwana mifugo wa mleta uzi alipiga hodi. Huo ndio utumishi.

Simtetei muuaji. Mtu kuuawa ni mtu kuuawa. Nasema tu kwamba kufanya kazi sikukuu hakutoshi kumpima mtumishi.

#11 Msangu Halisi
#10, kuwa mwangalifu hapo. Klerruu hakutunga ujamaa vijijini, ilikuwa sera ya nchi. Alitumwa. Bwana mifugo naye alitumwa, bahati yake alitumwa kupeleka kitu ambacho watu wanakitaka. Nani anakataa maziwa? Angetumwa kuja kuwapunguzia mifugo, mngelia msibani kwake? Pengine mnamsifia mtu kwa wema wa sera.

#12 Mwana wa Kandete
Msangu Halisi, swali zuri na lina jibu.

Ugonjwa wa miguu na midomo uliwahi kuingia huku na karantini ikawekwa. Mnada ukafungwa, hakuna kusafirisha ng'ombe wala kuuza nyama ovyo. Aliyesimamia ni yeye huyohuyo. Tulimchukia kwelikweli. Kuna waliotaka kupitisha ng'ombe usiku kwa njia za migombani na akawarudisha, mmoja akiwa mdogo wa mke wake. Lakini alipita nyumba kwa nyumba akionyesha malengelenge kwenye ulimi na kwato, akieleza kwamba ng'ombe mmoja akivuka mto ataangusha maziwa ya bonde zima. Karantini ilipoondolewa, watu walimrudia wenyewe.

Kwa hiyo si maziwa peke yake. Alijua kumkataza mtu bila kumdharau.

#13 Mama Gwatemala
Hiyo ya kupita nyumba kwa nyumba ndiyo siri yenyewe. Sisi wanawake ndio tunaokata majani na kukamua, lakini mikutano ya mifugo wanaitwa wanaume. Yeye akifika alisema "mwite mama, ndiye anayemjua ng'ombe". Kuangalia maziwa ya kwanza kwenye kikombe cheusi kama yana mabonge, dalili ya ugonjwa wa kiwele, alinifundisha mimi. Mume wangu hajui hadi leo.

#14 Lwangwa Juu
Mama Gwatemala, ndaga. Na jibu la swali la pili la mleta uzi mimi naona ni jepesi tu. Mzee alikuwa Mnyakyusa wa hapahapa, anahudumia shangazi zake na wajomba zake. Mcheza kwao hutunzwa.

#15 Mtumishi Mstaafu
Poleni wafiwa. Nilikuwa idara ya kilimo, kwa hiyo naongea kama mtu wa nyumba hiyo.

Kilichomtengeneza ni zama. Mwaka 1972 lilitoka Azimio la Iringa, Siasa ni Kilimo, tamko la TANU la kuinua kilimo. Mwaka 1973 redio zilipiga kampeni ya Mtu ni Afya, watu wanakaa vikundi kusikiliza, kesho yake wanachimba vyoo. Kijana aliyetoka chuo wakati ule alipangwa kijijini na akaishi kijijini. Hakukuwa na habari ya kukaa wilayani na kwenda kijijini siku ya ugeni. Alilala pale, mtoto wake alisoma pale, akiugua alikwenda zahanati ileile. Ukimpa ng'ombe wa jirani dawa mbaya, utakutana na jirani kisimani. Adabu ya kazi ilitoka hapo.

Baadaye halmashauri ambazo zilifutwa 1972 zikarudi 1984, mambo ya ajira yakabadilika, usafiri ukabadilika. Sisemi yote yaliharibika. Nasema mtumishi alihama kijijini, basi.

#16 Kikondo Mbata
Shikamoo mstaafu. Kwa heshima zote, zama hizohizo zilitupa bwana shamba mwingine, silitaji eneo, aliyeonekana siku ya kugawa mbolea tu. Aliishi kijijini vilevile, kisima kilekile. Kama zama ndizo zinatengeneza watu, huyo alitengenezwa na nani?

#17 Mtumishi Mstaafu
Marahaba. Huyo nadhani hata namfahamu. Hoja yako ina uzito, lakini walikuwa wachache.

#18 Kikondo Mbata
Hawakuwa wachache, mzee wangu.

#19 Binti Makete
Naomba niongeze habari ya kwetu, ila sitaki kuiba uzi.

Mkoa wa Njombe ulipimwa kuwa na maambukizi ya VVU ya juu kuliko mikoa yote, na Makete tuliyaona mapema. Kuna nyumba zilibaki na bibi na wajukuu tu. Kwenye zahanati yetu alikuwepo muuguzi mama mtu mzima. Dawa za ARV zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, watu waliogopa kuonekana kwenye foleni. Yeye aliwafuata nyumbani jioni kwa jioni, anajifanya kapita kununua viazi. Kabla ya dawa alikuwa akienda kuogesha wagonjwa ambao ndugu zao wenyewe walikuwa wakisimama mlangoni.

Tulimuuliza anapata wapi moyo ule. Akasema alizika wadogo zake wakati hana cha kuwapa, sasa dawa ipo, hawezi kulala. Kwa hiyo mimi siamini habari ya zama wala ya mcheza kwao. Kuna watu wamechomwa na kitu ndani.

Yuko hai, amestaafu. Nimesoma uzi huu nikaamua nimpigie simu leoleo, nisingoje wasifu.

#20 Mama Gwatemala
Binti Makete, umeniliza. Mpe salamu zetu.

#21 Msangu Halisi
Niulize swali ambalo litawaudhi wengine. Mzee alikuwa anaondoka mikono mitupu? Huku kwetu Usangu mtumishi akitibu ng'ombe huondoka na kuku au debe la mpunga. Kwenu ilikuwaje? Maana kabla hatujamwekea mtu kibao barabarani tuongee ukweli wote.

#22 Lwangwa Juu
Alikuwa anapewa maziwa. Sijaona nyumba iliyomwacha aondoke bila lita yake, au mkungu wa ndizi. Lakini ni baada ya kazi, na hakuomba. Kutoa shukrani kwa mgeni ni desturi yetu.

#23 Mnadani
Hapo mimi nasimama na Msangu Halisi. Baada ya kazi ya leo ni kabla ya kazi ya kesho. Kila mtu anajua nani ametoa mkungu mkubwa. Yule asiye na cha kutoa anawezaje kuwa na hakika kwamba hatarukwa?

#24 Mwana wa Kandete
Mnadani, mjane niliyemtaja kwenye #1 ni mama yangu. Miaka ile hatukuwa na maziwa ya kumpa mtu. Mtamba wetu alipandishwa kwa zamu yake, na mbegu iliposhindwa kushika alirudi tena na tena mpaka ikashika. Ndama wa kwanza alipozaliwa mama alimpelekea maziwa, akayapokea, akanywa palepale mlangoni akamrudishia chupa. Ndivyo ninavyojua.

#25 Mnadani
Pole mkuu, na Mungu amweke mama. Simsemi marehemu vibaya. Lakini mtu mmoja mwema hafuti swali langu. Anayekuja baada yake akikuta desturi ya kupewa, na moyo hana, atatufanya nini?

#26 Mama Gwatemala
Basi tukiacha kushukuru ndio atakuja mwenye moyo? Mimi siachi kumpa mtu maziwa kwa kuogopa mwizi ambaye hajazaliwa.

#27 Kalenga
Hapa tutakesha. Mimi namwelewa Mnadani na namwelewa mama pia.

#28 Wa Nyumbani Kwake
Wapendwa, nimetumiwa uzi huu na jirani. Mimi ni wa familia. Mama ameomba niusome kwa sauti na nimemsomea wote, hata ya maziwa. Tunashukuru sana.

Nirekebishe machache. Baba hakuwa Mnyakyusa. Alikuwa Mgogo wa Mpwapwa, alisoma chuo cha mifugo hukohuko Mpwapwa akapangiwa huku akiwa kijana. Kinyakyusa alikijua kwa sababu alikaa sana na wazee wa huku, na mama ni wa hapa.

Pili, msibani nilisikia watu wakisema alikataa uhamisho kwa ajili ya wananchi. Uhamisho ulikuja, na kweli aliomba abaki. Lakini mama anasema wakati ule bibi mzaa mama alikuwa anaumwa na hapakuwa na wa kumuuguza. Kama pia aliwaza wafugaji, hakumwambia mama. Nimeona niseme hivi maana yeye hakupenda kuongezewa.

Tatu, na hili ni langu mimi. Sisi watoto tulimwona kidogo. Mzee wa Isimani ametaja Krismasi ya Klerruu. Sisi Krismasi nyingi tulikula na kiti chake kikiwa kitupu, kwa sababu ng'ombe wa mtu amepata ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, na dawa yake haingoji. Nilimkasirikia utotoni. Leo nimeona watu walivyokuja kumzika na sijui niweke wapi hasira ile.

Mwisho, kuna madaftari. Tangu alipoanza kazi aliandika kila ng'ombe, nyumba ya mwenyewe, siku aliyopandishwa, namba ya dume, kama mimba ilishika, siku ya kuzaa, ndama jike au dume. Yamejaa kabati. Wengine nyumbani wanasema tuyachome na nguo zake za kazi, wengine tuyaweke. Mnashauri nini?

#29 Uyole Mkulima
Msichome! Tafadhali dada au kaka, msichome.

Nawaeleza kwa nini. Namba ya dume kwenye mrija ndiyo inayokuambia baba wa ng'ombe ni nani. Tatizo kubwa vijijini sasa hivi ni mtu kumpandisha ng'ombe na dume la jirani bila kujua kwamba wote wawili ni uzao wa dume moja. Ndama wanakuwa dhaifu, maziwa yanashuka, mtu analaumu majani. Daftari la mzee linaweza kuonyesha bonde zima nani ni ndugu wa nani. Hiyo ni kazi ambayo mtafiti angeitamani. TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, wana kituo hapa Uyole, nakala wangeipokea. Asili ibaki nyumbani.

Na kuhusu majina, nitoe mfano wa huku kwetu. Maharage ya Uyole 84, Uyole 94, Uyole 96, Njano-Uyole, yote mnayala. Yana jina la mahali. Walioyachagua mbegu kwa mbegu, msimu kwa msimu, wananchi hawawajui hata mmoja. Maharage yenyewe yanapikwa kila siku. Labda na hiyo ni heshima, sina hakika kama inatosha.

#30 Lwangwa Juu
Wa Nyumbani, ndaga fijo kwa kunirekebisha. Mgogo! Miaka yote namsikia anavyosalimia wazee, sikuwahi hata kuwaza. Mtu wa Mpwapwa, kwao mvua ya kuhesabu, akavumilia matope ya Mwakaleli.

#31 Fundi Bomba
Sasa nimeelewa kila kitu. Mgogo na ng'ombe hawaachani. Ungempeleka hata Kitulo kwenye baridi angefuata ng'ombe. Tumalize mjadala, ni asili.

#32 Kikondo Mbata
Fundi, basi kila Mgogo angekuwa bwana mifugo bora. Na huyu muuguzi wa Makete je? Wakinga asili yao biashara, mbona yeye hakuuza kitu?

#33 Binti Makete
Acha Wakinga wetu, wewe! Biashara na huruma vinakaa nyumba moja.

#34 Mtendaji Kijana
Turudi kwenye "tumuenzi vipi". Mwaka 2022 kabla ya sensa ya tarehe 23 Agosti ilipita operesheni ya anwani za makazi. Wananchi waliulizwa majina ya barabara na mitaa kwenye mikutano. Nilishiriki upande wangu, na ukweli ni kwamba watu hawakujitokeza. Majina mengi yakawa ya miti, mito na makanisa kwa sababu hakuna aliyesimama kusema "mimi napendekeza muuguzi fulani". Kwa hiyo hili la watumishi kusahauliwa tusiwasukumie wakubwa peke yao.

Mkitaka jina, pelekeni pendekezo mkutano mkuu wa kijiji, liandikwe kwenye muhtasari, lipande kata hadi halmashauri. Familia ishirikishwe kwanza.

#35 Mzee wa Isimani
Kijana, umesema vizuri. Nami nasema kibao kinasaidia. Chuo cha Kleruu kisingeitwa hivyo, mjukuu wangu wa #10 angekuwa na nani wa kubishana naye? Jina linabakisha mazungumzo.

#36 Mjukuu wa Mkulima
Babu, hapo umenipata kidogo. Lakini nakuuliza, kibao kinasimulia upande gani? Pale chuoni wanafunzi wangapi wanajua kilichotokea Isimani kwa pande zote? Jina peke yake linaziba kuliko linavyofunua. Ndiyo maana mimi napigia kura madaftari.

#37 Mama Gwatemala
Mimi ningependa mtamba. Ule utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ukipewa mtamba unalipa kwa kumpa mwenzako ndama jike wa kwanza. Wafugaji tuchangie mitamba michache kwa jina lake, ianze kwa wajane, izunguke. Hapo atakuwa anaendelea kuingia mabandani.

#38 Fundi Bomba
Mama, wazo zuri, ila tunawajua watu. Ndama jike akizaliwa utaambiwa alikufa, au alizaliwa dume.

#39 Uyole Mkulima
Ndiyo kazi ya daftari hiyo. Mzee aliandika jike au dume. Anayerithi kazi aendelee kuandika, hakuna wa kudanganya.

#40 Mnadani
Nitasema neno moja gumu halafu ninyamaze. Mleta uzi anasifu mtungi mgongoni. Kwa nini ulikuwa mgongoni? Kwa sababu pikipiki haikuwepo, au ilikuwepo na mafuta hayapo. Naitrojeni ile ina baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, inavukiza kila siku hata mtungi ukiwa umekaa kimya. Ikichelewa kujazwa, mbegu zote zimekufa na moyo wa mtumishi hausaidii kitu. Tukimwimbia kwa kubeba, anayefuata naye ataambiwa abebe. Heshima ya kweli ni kumpa anayefuata usafiri na naitrojeni kwa wakati.

#41 Mtumishi Mstaafu
Nakuunga mkono asilimia mia. Nimeona vijana wazuri wakikata tamaa kwa kukosa lita za mafuta.

#42 Mwana wa Kandete
Mnadani, usinyamaze. Umesema jambo ambalo mzee mwenyewe alikuwa akilisema kila mkutano. Lakini usiniambie nisisifu mgongo wake. Wengine walikuwa na pikipiki na hawakuja.

#43 Mgeni wa Suma
Wakuu samahani kuingilia. Nimekuta uzi huu nikitafuta msaada. Ng'ombe wangu tangu asubuhi analia, anapanda wenzake, ute mwangavu kama wa yai bichi unamtoka, maziwa yamepungua. Nani yupo sasa upande wa huku?

#44 Mama Gwatemala
Yuko kwenye joto. Ulimwona asubuhi, apandishwe leo jioni, usingoje kesho mchana. Yupo binti mmoja aliyefundishwa kazi na mzee mwenyewe, nakutumia namba yake pembeni. Mbegu inalipiwa, usishangae, naye anainunua. Mfunge ng'ombe kivulini, usimkimbize.

#45 Mgeni wa Suma
Asante mama. Nimempata, yuko njiani.

#46 Wa Nyumbani Kwake
Nimeongea na mama tena. Barabara anasema tusubiri, hataki watu wagombane juu ya jina la mumewe na udongo haujakauka. Mtamba ameufurahia na yeye atatoa wa kwanza. Madaftari hayachomwi. Ila mengine yamelowa, paa la stoo lilivuja msimu uliopita, kurasa zimeshikana. Kuna anayejua tufanyeje?

#47 Uyole Mkulima
Msiyaanike juani, wino utapauka na karatasi itakunjamana. Wekeni ndani penye hewa, yasimame yamefunguka kidogo, katikati ya kurasa pitisheni karatasi kavu na kuzibadilisha zikilowa. Kurasa zilizoshikana msizivute zikiwa mbichi. Zikikauka, pigeni picha ukurasa kwa ukurasa kwa simu, mchana, karibu na dirisha, mkianza na ya zamani zaidi maana ndiyo yanayokwisha kwanza. Jumamosi naweza kupanda hadi Mwakaleli. Mwenye simu yenye kamera nzuri tukutane Katumba saa mbili asubuhi.

#48 Lwangwa Juu
Mimi nitakuwepo. Nitakuja na kijana wangu, mkono wake hautetemeki.

#49 Mjukuu wa Mkulima
Mkimaliza, mtuwekee hapa picha ya ukurasa wa mwaka wa karantini, kama familia itaridhia. Nataka kuona aliandika nini siku aliyomrudisha shemeji yake.